Kupiga koyote usiku Texas: sheria ikoje kwa sisi wageni wenye mbuzi?

#1 Mfugaji Ughaibuni

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Niko Texas, magharibi ya Fort Worth, nina kaeneo ka ekari 18 nje ya mji. Nafuga mbuzi wa nyama, wengi chotara wa Boer. Soko ni sisi kwa sisi: Wabongo wa Dallas, Wakenya wa Arlington, Wakongo wa Fort Worth yenyewe. Wikendi haiwezi kupita bila harusi, ubatizo au mtu tu kaamua kuwasha jiko.

Tangu mbuzi waanze kuzaa sina amani. Naamka nakuta kitoto hakipo kabisa, au kimebaki kichwa na kwato. Wiki hii kafa jike mkubwa, kang'atwa kooni, ubavu umetobolewa nyuma ya mbavu, ini na figo hakuna. Jirani yangu, mzee wa Kizungu aliyefuga kondoo maisha yake yote, kaja kaangalia, akasema huyu ni koyote, tena jozi yenye watoto wa kulisha. Ushauri wake: nunua skopu ya joto (darubini ya bunduki inayoona joto la mnyama gizani), kaa juu ya pikapu, wamalize usiku. Anasema Texas huhitaji ruhusa ya mtu.

Mimi nimekulia Kongwa, Tanzania. Kule ukifyatua risasi usiku, asubuhi una wageni mlangoni. Kwa hiyo maneno ya mzee nimeyasikia ila sijayameza. Halafu kuna jambo la pili: siku nikiwa zamu ya usiku kazini, shambani analala shemeji yangu, na yeye yuko huku kwa viza ya masomo. Akishika bunduki yangu akampiga koyote, kuna kesi hapo au hakuna? Wenye kujua naombeni mwongozo kabla sijatoa hela. Nawasilisha.

#2 Kisu Kikali

Koyote ndio mdudu gani mkuu? Weka picha tuone.

#3 Mama Nasra

Kisu, ni ndugu yake bweha, ila mkubwa kidogo. Huko Texas wengi hawafiki kilo 20. Huku kwetu Maine ni wakubwa zaidi, maana wamechanganya damu na mbwa mwitu. Ameenea Marekani yote bara, mpaka katikati ya Chicago yupo. Usiku akilia na wenzake wawili utadhani wako kumi.

#4 Mwanasheria wa Kijiweni

Mfugaji, pole sana. Mimi si wakili, nimeishi Houston miaka mingi na mambo haya nimeyasoma kwa sababu na mimi nina kishamba. Nakujibu kwa urefu, vuta kiti.

Jirani yako hakudanganya. Texas koyote hayumo kwenye orodha ya wanyama wa kuwindwa kwa msimu. Hana msimu wa kufungwa, hana idadi ya mwisho, mchana au usiku, kwa taa au kwa skopu ya joto, mradi uko kwenye ardhi binafsi na mwenye ardhi ameridhia. Ukienda *kuwinda* koyote unatakiwa kuwa na leseni ya uwindaji ya jimbo. Ila koyote anayeshambulia mifugo, anayekaribia kushambulia, au aliyeshambulia karibuni, huyo hahitaji leseni. Nguruwe pori ndio kabisa: tangu tarehe 1 Septemba 2019 hata leseni wameiondoa kwenye ardhi binafsi, na tangu 2011 wenye fedha zao wanawapiga kutoka kwenye helikopta. Texas ina nguruwe hao zaidi ya milioni 2, kwa hiyo serikali haina huruma nao.

Sasa sikiliza. Watu wanaolala rumande kwa sababu ya koyote hawalali huko kwa sababu ya koyote mwenyewe. Wanalala kwa sababu ya vitu vilivyomzunguka. Umesema mzee kakwambia ukae juu ya pikapu. Sawa, ndani ya shamba lako. Ukiitoa pikapu barabarani, hata ile ya vumbi ya kaunti, ukamulika na kupiga kutoka pale, umeshavunja sheria, awe koyote au awe panya. Risasi ikivuka mpaka wa shamba lako kwenda kwa jirani bila ruhusa yake ya maandishi, hilo nalo ni kosa peke yake, hata kama haikugusa kitu. Halafu kuna kulungu. Kulungu wa huku anapigwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, basi. Mtu anayemulika taa porini mwezi wa Novemba, askari wa wanyamapori hawezi kujua kama unatafuta koyote au unatafuta kitoweo. Wenyeji wenye busara huwa wanampigia simu askari wa kaunti yao kabla ya kutoka: "leo usiku niko shambani kwangu, natafuta koyote." Sheria haikulazimishi. Inakupunguzia kuamshwa na tochi ya usoni saa nane za usiku.

Kingine, ekari zako 18 zinakusaidia. Kwenye mitaa iliyopimwa viwanja nje ya mji, kaunti ina mamlaka ya kuzuia kufyatua bunduki kwenye kiwanja cha ekari 10 kushuka chini. Kuna Mbongo mwenzetu kanunua ekari tatu akidhani amenunua uhuru.

La shemeji nitalirudia jioni, maana ndilo zito kuliko yote. Kwa sasa mwambie asiiguse hiyo bunduki.

#5 Kisu Kikali

Mnazunguka sana. Chukua utumbo wa huyo mbuzi aliyekufa, weka sumu, tupa pembeni ya uzio. Siku mbili biashara imeisha. Nyumbani tumefanya hivyo kwa fisi miaka nenda rudi.

#6 Babu wa Dungu

Kisu, nisamehe mjukuu wangu, ila hapo umenigusa. Nimekuwa askari wa wanyamapori kusini huko, Rufiji na kwingine, hadi nilipostaafu. Hiyo sumu yenu ya utumbo nimezika matokeo yake. Fisi mmoja anakula, anafia mbali. Tai wanashuka kwenye mzoga, wanakufa hapo hapo wameuzunguka, wengine bado nyama iko mdomoni. Mbwa wa kijiji anakula tai. Na aliyeua mbuzi, mara nyingi, ni yule ambaye hakuugusa huo utumbo.

#7 Mwanasheria wa Kijiweni

Babu shikamoo. Naongezea: huku sumu ndiyo njia fupi ya kwenda mahakama ya serikali kuu. Rais Nixon alipiga marufuku sumu za kuulia wanyama walao nyama kwenye ardhi ya serikali mwaka 1972, na kwenye ardhi binafsi zilizobaki ni chache, zinatumiwa na wenye cheti. Kiuatilifu chochote ukikitumia kinyume na kilichoandikwa kwenye lebo ni kosa. Akila tai mwenye kichwa cheupe, ile nembo yao, ni hadi dola 100,000 na mwaka mmoja ndani. Kisu, hilo futa.

#8 Kisu Kikali

Nimefuta wazee. Nilikuwa nachangamsha uzi.

#9 Mwanasheria wa Kijiweni

Haya, la shemeji.

Sheria ya serikali kuu, siyo ya jimbo, inasema mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya muda (masomo, utalii, kazi ya muda) haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi. Wala risasi! Ukiwa na grini kadi, wewe uko sawa, unanunua dukani kama mwenyeji. Mtu asiye na karatasi, mlango umefungwa kabisa. Adhabu inafika miaka 15 tangu walipoiongeza 2022. Na hata ukifungwa miezi michache, kosa la bunduki ni moja ya makosa yanayokurudisha kwenu moja kwa moja. Jaji wa uhamiaji hataki kusikia habari za mbuzi.

Kwa mwenye viza ya muda kuna mlango mmoja mdogo: awe na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani. Kwa Texas, mtu aliyezaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971 na kuendelea lazima apite kwenye mafunzo ya uwindaji, na mwenye miaka 17 au zaidi anaweza kuyasoma mtandaoni. Akishakaa jimboni zaidi ya miezi sita mfululizo anahesabiwa mkaazi, leseni ni dola 25. Yaani kile kikaratasi ambacho wewe hukihitaji kwa koyote anayekula mbuzi zako, yeye anakihitaji ili bunduki isimfunge.

Sasa mtego wake huu hapa. Leseni za Texas zinaisha tarehe 31 Agosti, haijalishi ulinunua lini. Shemeji akisahau kuikata upya, tarehe 1 Septemba asubuhi anaamka ni mhalifu wa serikali kuu, na hajafanya lolote, kalala tu. Na "kumiliki" si lazima jina lake liwe kwenye risiti. Kama bunduki iko kabatini, ufunguo anaujua, na wewe uko zamu, mwendesha mashtaka atasema alikuwa nayo.

Kwa hiyo: sefu, namba unazo wewe peke yako, mpaka awe na leseni mfukoni. Na kabla hajaigusa, mpeleke kwa wakili wa uhamiaji. Ada ya saa moja ni ndogo kuliko tiketi ya kurudi.

#10 Mfugaji Ughaibuni

Aisee. Mkuu Mungu akubariki. Mzee jirani hata hakuligusia hili, na sidhani kama analijua, maana yeye halimhusu. Sefu naagiza leo.

#11 Mama Nasra

Mwaona jinsi jimbo na jimbo lilivyo nchi na nchi. Huku Maine koyote wa mchana anawindwa mwaka mzima kwa leseni ya kawaida. Wa usiku lazima ukate kibali cha usiku, dola 4, na ni kuanzia tarehe 16 Desemba hadi 31 Agosti tu, ili msimu wa kulungu upite kwanza. Tena sharti uwe na kifaa cha kumwitia, filimbi ya mdomo au kile cha betri kinacholia kama sungura anayekufa. Na Jumapili huwindi chochote. Jumamosi saa sita ya usiku ikigonga, unapakia bunduki unarudi kulala, hata koyote awe amesimama mbele yako anakucheka.

Mume wangu alisema hii sheria imeandikwa na koyote mwenyewe.

#12 Mkivu wa Raleigh

Habari zenu ndugu. Mie ni Mkongomani, niko Carolina Kaskazini. Huku kuna kisa ambacho kila mtu anayetaka kupiga usiku angekijua kwanza.

Mashariki ya jimbo letu kuna mbwa mwitu wekundu, waliorudishwa porini 1987 kwenye hifadhi ya Alligator River. Hakuna pengine duniani wanakoishi porini. Mbwa mwitu mwekundu mchanga na koyote mkubwa, hata mchana unaweza kukosea. Mwaka 2012 jimbo likaruhusu kupiga koyote usiku kwa taa. Mbwa mwitu wakaanza kupatikana wamepigwa risasi. Watetezi wa wanyama wakaenda mahakamani, na 2014 jaji wa serikali kuu akasimamisha uwindaji wa koyote katika wilaya tano: Dare, Hyde, Tyrrell, Washington na Beaufort. Mwishoni mwa mwaka huo huo wakapatana: koyote anapigwa mchana tu, kwa kibali, na unatoa taarifa. Usiku hapana.

Mbwa mwitu analindwa na sheria ya wanyama walio hatarini. Ni hadi dola 50,000 na mwaka jela. Kwa hiyo swali la kwanza si "naruhusiwa kupiga usiku?" Swali ni "hapa nilipo, ni mnyama gani mwingine anafanana naye?"

#13 Kijana wa Abilene

Mkivu umesema kweli, ila hata bila mbwa mwitu shida ipo. Mimi ni wa Mombasa, naendesha lori, na wikendi natoka na jamaa wanaopiga nguruwe kwenye mashamba ya ngano. Acha niwaeleze skopu ya joto inaonyesha nini, maana watu wanaona video za mtandaoni wanadhani ni televisheni.

Unaona dunia ya kijivu. Kila chenye joto ni cheupe: ng'ombe, sungura, jiwe lililopigwa jua mchana, injini ya pikapu uliyoizima. Koyote kwa mita mia mbili ni kidoa cheupe chenye miguu. Rangi hakuna. Macho yanayong'aa hakuna, hayo ni ya taa. Waya wa uzio hauonekani, kwa hiyo hujui kama mnyama yuko upande wako au wa jirani. Bwana mmoja tuliyekuwa naye alishaweka kidole, akaambiwa ngoja. Kile kidoa kikageuka, mkia ukapanda juu ukajikunja. Koyote akikimbia mkia anaushusha. Alikuwa mbwa mlinzi wa mifugo, yale majibwa meupe ya manyoya, katoka shamba la pili anafuata harufu ile ile tuliyokuwa tunaifuata sisi. Mbwa yule kwa mwenyewe ana thamani kuliko mbuzi watano.

Na risasi haisimami kwa koyote. Risasi ya .223 ikimkosa inaendelea na safari. Mchana tembea shamba lote, chagua sehemu mbili tatu ambazo nyuma yake kuna kilima au ukingo wa bwawa, weka alama. Usiku piga kuelekea huko tu. Kidoa kikiwa juu ya mstari wa upeo, kiache kipite.

#14 Kisu Kikali

Sasa mimi nauliza kwa nia njema. Ukiua hawa wawili, si wamekwisha? Kuna haja gani ya kuendelea na mafunzo?

#15 Mwanasheria wa Kijiweni

Hapana Kisu, na hapa ndipo wafugaji wa huku wanapogombana na wataalamu tangu enzi za babu zao. Serikali kuu ina idara ya kilimo inayoua makumi ya maelfu ya koyote kila mwaka, chini ya sheria ya 1931. Karne inakaribia kuisha na koyote ameongeza eneo, hajapunguza. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California walipiga hesabu 1975: hata ukiua asilimia 75 ya koyote wote kila mwaka, itakuchukua zaidi ya miaka 50 kuwamaliza. Ukipunguza idadi, chakula kinabaki kingi, majike wengi zaidi wanazaa, na watoto wengi zaidi wanapona.

Ila mwisho wake usiwe "kuua hakusaidii", kama wanavyosema watu wa mjini wasio na hata kuku. Kuua ovyo hakusaidii. Jozi inayolisha watoto ndiyo inayoua mbuzi, na ukiiondoa jozi *ile* hasara inashuka kwa msimu huo. Kwa hiyo mzee jirani ana pointi. Mwaka ujao atakuja mpangaji mwingine kwenye eneo lile lile. Wakati mwingine jozi iliyopo hata haijui kwamba mbuzi analiwa, inakula panya na sungura na kuzuia wageni. Ukiipiga hiyo umemfukuza mlinzi wako mwenyewe.

#16 Babu wa Dungu

Hili la kumjua muuaji ndilo la kwanza. Mfugaji, yule jike ulimchuna?

#17 Mfugaji Ughaibuni

Hapana mzee, nilimfukia.

#18 Babu wa Dungu

Akifa mwingine, mchune shingo. Chana ngozi toka kidevuni hadi kifuani, uifunue taratibu. Kama aliuawa kwa kung'atwa, chini ya ngozi utakuta damu imevilia, nyeusi, na matundu ya meno mawili mawili. Kama hakuna damu iliyovilia, huyo alikufa kwa ugonjwa au kwa kuzaa, mnyama alikuja kula tu, na risasi zako zote haziwezi kukuponya hapo. Kanuni hii ni ile ile kwa chui na kwa fisi. Huyo koyote sijamwona kwa macho, lakini kwa maelezo yako anauma koo kama chui mdogo. Mbwa wa mtaani hafanyi hivyo. Mbwa anararua miguu ya nyuma, masikio, mkia, anajeruhi kumi halafu hali hata mmoja.

Nimesoma hapa juu habari za kupiga usiku na nimekumbuka kazi. Kwetu Tanzania sheria ya wanyamapori ya 2009 inakataza raia kuwinda gizani na kwa kumulika taa. Kazi hiyo ilikuwa yetu, askari, kwa mnyama mharibifu. Tochi tuliifunga chini ya mtutu kwa mpira wa tairi la baiskeli. Ikicheza kidogo, mwanga na risasi vinakwenda njia mbili. Mwananchi ana haki ya kujitetea yeye na mali yake, ila akishaua atoe taarifa mara moja, na nyama, ngozi, meno, vyote ni nyara za serikali. Wengi wamefungwa miaka 20 siyo kwa kuua, bali kwa kukutwa na nyara.

Usiku wa kusini adui mkubwa wa mkulima alikuwa nguruwe. Anaingia kwenye mihogo saa saba za usiku, asubuhi shamba limelimwa. Ndiyo maana watu wanalala kwenye dungu, debe mkononi, kamba yenye makopo imevutwa hadi mwisho wa shamba. Nguruwe anakuja kwa mihogo, simba anakuja kwa nguruwe, na mtu yuko katikati kwenye dungu la miti na makuti. Watafiti walichapisha hesabu yake katika jarida la Nature 2005: tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563, na mashambulizi mengi yalikuwa kwenye wilaya zenye nguruwe wengi, hasa wakati wa mavuno. Pale nguruwe si kero ya mazao tu. Mimi niliyeokota miguu ya watu siwezi kusikia mtu anasema mnyama mharibifu afukuzwe kwa makofi tu.

#19 Njoro wa Kitengela

Babu umetunyamazisha. Kidogo tu kutoka upande wa Kenya: huku kuwinda kulikatazwa tangu 1977, kwa hivyo raia hana usiku wala mchana. Ukisumbuliwa unaita KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Ndiyo sababu watu wamegeukia taa zisizo na bunduki. Richard Turere, kijana wa Kimaasai wa hapa kando ya Mbuga ya Nairobi, akiwa bado mtoto alichukua betri ya gari, sola, kisanduku cha indiketa cha pikipiki na balbu za tochi zilizovunjika, akazifanya ziwakewake kuzunguka boma. Simba anadhani kuna mtu anatembea na tochi. Alialikwa kwenye jukwaa la hotuba la TED 2013 akaeleza mwenyewe. Mfugaji, taa za namna hiyo zinauzwa huko Marekani kwa ajili ya koyote. Zihamishe kila baada ya siku chache, vinginevyo anazizoea.

#20 Mpogoro wa Leicester

Uingereza, kwa faida ya wasomaji: mbweha anaruhusiwa kupigwa usiku, kwa taa au skopu, ukiwa na ruhusa ya mwenye shamba na cheti cha bunduki kilichoandikwa hivyo. Kulungu hapana, kuanzia saa moja baada ya jua kuzama mpaka saa moja kabla ya kuchomoza. Kumfukuza mbweha kwa kundi la mbwa kulikatazwa na sheria ya 2004. Melesi (badger, jamaa wa nyegere) usimguse kabisa. Nimepita.

#21 Kijana wa Abilene

Mfugaji, kabla ya kununua skopu ya maelfu ya dola, angalia mambo mawili. Kaunti nyingi za Texas zina mtegaji wa serikali, analipwa kwa ubia wa kaunti, jimbo na serikali kuu. Anakuja, anasoma nyayo, anatega au anapiga yeye. Pili, mbwa. Mmoja wa Great Pyrenees na mmoja wa Anatolia, walelewe ndani ya zizi tangu wakiwa wadogo, wajione ni mbuzi. Huyo wa Anatolia hata Namibia wanamtumia kuzuia duma tangu 1994. Hawaui sana, wanabweka na kusimama kati. Koyote ni mfanyabiashara, akiona gharama imepanda anahama.

#22 Mama Nasra

Na mbuzi wanaozaa walale ndani jamani. Simanjiro, kule Tanzania, wana boma hai, miti iliyopandwa na kufungwa waya, fisi hapiti. Wewe una umeme na mabati.

#23 Mfugaji Ughaibuni

Wakuu, nimeelewa. Mipango iko hivi: majike wenye mimba na watoto wanalala bandani kuanzia leo, nimeshaongea na mtu wa kaunti anakuja Alhamisi, na mbwa naulizia. Mzee jirani kasema ana bunduki na skopu yake, atakuja kukaa na mimi usiku nikiwa sina zamu, tutapigia upande wa bwawa tu. Nimemwomba tuandikiane ruhusa ya mpaka, kacheka, kasema tangu azaliwe hajawahi kuandikiana na jirani, lakini kasaini. Shemeji anaanza mafunzo ya leseni, wakili tunamwona wiki ijayo.

Swali la mwisho. Kaka yangu Kongwa kaniambia nguruwe wanammalizia mahindi. Nikinunua hiyo skopu, Desemba nikienda nyumbani nimpelekee?

#24 Mwanasheria wa Kijiweni

Usithubutu! Skopu ya bunduki ya joto au ya kuona gizani, Marekani inaihesabu kama kifaa cha kijeshi au cha karibu na hapo. Kuitoa nje ya nchi bila kibali cha serikali kuu ni kosa, hata iwe kwenye begi la nguo. Ukipita huku salama, unatua na kifaa cha silaha kisicho na kibali.

#25 Babu wa Dungu

Na akiifikisha, kaka yake ataifunga kwenye nini, kwenye gobore? Mwambie aende kwa afisa wanyamapori wa wilaya, aandikishe uharibifu mapema, wapimiwe shamba kabla mabua hayajakauka. Kifuta jasho cha serikali hakilipwi kwa simulizi.